Gari la Moshi Lipandalo Ngazi

Gari la moshi la kawaida haliwezi kupanda mlima mkali, kwa kuwa gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza. Lakini katika nchi ya Uswisi iko njia itokayo kijiji cha Vitznau, kando ya ziwa la Lucerne, hata kilele cha mlima Rigi. Katika mwendo wa karibu kilomita 7 gari hupanda zaidi ya mita 1,300. Na penye ukali zaidi, kila mita 4 za mwendo hupanda mita 1.

Mvumbuzi wake alikuwa Niklaus Riggenbach, mkuu wa karakana ya reli mjini Olten. Kati ya reli mbili alilaza chuma mfano wa ngazi, na chini ya injini akatia gurudumu la meno likanyagalo vipago vya ngazi hiyo kimoja kimoja. Serikali ya Ufaransa ilimpa hati ya uvumbuzi huo mwaka 1863, lakini miaka ikapita kabla ya kupata mlima wa kuutumia. Mwamerika Sylvester Marsh alimtangulia, akafika kilele cha Mount Washington mwaka 1869. Njia ya Rigi, basi, ni ya kwanza katika Ulaya tu. Ilifunguliwa tarehe 21 Mei 1871, siku Riggenbach alipotimiza miaka 54.

Kupanda si kazi kubwa kama kushuka. Ni nani angekubali kuketi garini, ziwa likionekana chini ya miguu yake, asijue litazuiwa na nini? Kwanza, injini hukaa daima upande wa chini, ikilisukuma behewa wakati wa kupanda na kulikinga wakati wa kushuka. Pili, na hapa ndipo akili ya fundi huyu ilipoonekana hasa, wakati wa kushuka dereva hufunga mvuke, na pistoni huvuta hewa na kuibana ndani ya silinda. Hewa hiyo iliyobanwa hulishika gari lisikimbie. Kwa kuwa hewa ikibanwa hupata moto, maji baridi hutiwa humo kuipoza.

Kwanza reli iliishia Staffelhöhe, chini kidogo ya kilele, kwa sababu hapo ndipo mpaka wa jimbo la Lucerne, na kilele kimo katika jimbo la Schwyz. Ilifika juu mwaka 1873. Wachukuzi waliokuwa wakiwapandisha wageni kwa viti vya kubebwa na kwa farasi walipotewa na kazi yao.

Tangu mwaka 1937 njia hiyo huendeshwa kwa umeme. Injini nambari 7, iliyoundwa Winterthur mwaka 1873, imehifadhiwa hata leo. Tangi lake la kuchemshia maji limesimamishwa wima kama pipa, ili maji yasiegemee upande mmoja mlimani. Kwa hiyo injini hiyo ikiwekwa mahali tambarare, tangi huonekana limeinama.