Kijani Hurudi Upesi Kuliko Msitu



Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, Dominika ya kwanza ya Majilio, sehemu ya Mlima Hanang mkoani Manyara ilimeguka. Tope, mawe na magogo viliporomoka hadi Katesh na Gendabi, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Injili ya siku ile ilituamuru kukesha.

Wataalamu wa Serikali walieleza kwamba miamba dhaifu ya mlima ilinyonya maji ya mvua ikashindwa kuhimili. Basi tusiwahukumu waliofikwa na msiba, tujifunze.

Siku hizi majanga ya namna hii hupimwa pia kutoka angani. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 hupiga picha za eneo lilelile kila baada ya siku chache, na picha hizo hutolewa bure. Wataalamu hulinganisha picha ya kabla na ya baada. Jani lenye afya huakisi kwa wingi aina ya mwanga usioonekana kwa macho yetu. Udongo mtupu hauakisi hivyo. Ndivyo kovu la mlima linavyojitokeza na kupimwa hekta kwa hekta. Mawingu yakitanda, setilaiti za rada huona kupitia humo.

Wapo wanaodhani mambo haya hayalihusu Kanisa. Sisi hatukubaliani nao. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini husikilizwa pamoja. Marehemu tuliwazika na kuwaombea, nasi tulifanya vema. Je, miti, udongo na vyanzo vya maji vinavyopotea katika maporomoko, nani huvihesabu?

Hata hivyo, tuwe na tahadhari. Kijani hurudi upesi kuliko msitu. Misimu michache ya mvua ikipita, nyasi na magugu huweza kulifunika kovu, na picha ikaonyesha kana kwamba mlima umepona. Kumbe mti wa asili uliokua kwa miongo mingi haujarudi, wala nyuki aliyeutegemea. Kwa hiyo jicho la angani lisaidiwe na miguu ya watu: mzee anayeijua kila chemchemi kwa jina, mama anayechota maji, mfuga nyuki.

Tunashauri Jumuiya Ndogo Ndogo za miteremkoni ziombe kuonyeshwa na kufafanuliwa picha hizo kwa lugha inayoeleweka, kabla ya masika na kabla ya mtu kujenga upya penye hatari. Picha inayobaki ndani ya kompyuta ya mtaalamu haijamwokoa mtu.

Kukesha si kusali tu. Ni kutazama pia, na kuonyana mapema. Mungu awarehemu marehemu wa Hanang, awafariji waliobaki, na atujalie macho yanayoona kabla ya msiba. Amina.