Kioo Kimegoma, Ndani Mmenuniana

Leo naomba tutoke chumbani, twende hadi kwenye maegesho. Msicheke. Nimeshaona wapenzi wakinuniana wiki nzima kwa ajili ya dirisha la gari, na hili sisimulii la jirani, ni la kwangu mwenyewe.

Gari letu ni Toyota Noah, zile za mwanzo zilizotengenezwa Japani kati ya 1996 na 2001. Kwa sisi wa Dar hilo halihitaji maelezo: lina nafasi, spea zake zipo, na ukoo mzima unajua mna gari la kubebea watu kwenda msibani. Sasa masika haya kioo cha mbele kushoto kikagoma kikiwa kimeshuka nusu. Anayekaa kushoto ni mimi. Kwa hiyo mvua ni yangu, vumbi ni langu, na kwenye foleni ya taa nakumbatia mkoba kama kichanga, maana kibaka haombi kioo kizima, nusu inamtosha.

Mume wangu akaenda gereji peke yake Jumamosi. Fundi akabonyeza swichi mara mbili, kimya, akatoa hukumu: mota imekufa, na swichi kuu nayo ibadilishwe. Laki mbili na themanini! Hela hiyo ilikuwepo, ila ilikuwa kwenye bahasha ya kodi, na wapangaji wenzangu mnajua habari ya miezi sita kwa mkupuo. Hapo moto ukawaka. Yeye: basi tuliuze, tukope, tuchukue jipya zaidi. Mimi: mkopo wa miaka mitatu kwa sababu ya kioo, Baba Neema?

Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyeniuliza mimi niliyekaa na kioo kile kila siku. Kabla hakijafa kabisa kilikuwa na tabia yake: nikifungua mlango kidogo kinapanda, nikiufunga kinazima. Nilipomwambia hivyo usiku ule, alinyamaza, halafu akasema, "Mbona hilo fundi hakulijua?" Angelijuaje, mume wangu?

Mota ya kioo hailali na kuamka kwa sababu mlango umefunguliwa. Kinachocheza mlango ukifunguliwa ni nyaya. Tazama kwenye bawaba, kuna bomba la raba linalounganisha mlango na bodi. Nyaya za kioo, spika na loki zinapita humo, na kila ukifungua na kufunga zinakunjwa. Gari likishapita miaka 20 shaba inakatika ndani wakati plastiki ya nje bado nzima, ndiyo maana kwa macho huoni kitu.

Jumapili tukatafuta fundi umeme, siyo makanika wa kila kitu. Huyu alianza na vya bure: fyuzi, kisha kile kitufe cha dereva kinachofunga madirisha ya abiria (wenye watoto, angalieni hicho kwanza kabla hamjaenda popote). Akafungua skrubu, akang'oa kava ya mlango taratibu kwenye klipu zake, akachomoa plagi ya mota na kuipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kioo kikapanda! Akageuza nyaya, kikashuka. Mota iliyohukumiwa kifo ilikuwa nzima, dakika tano tu. Nilimtazama mume wangu, akajifanya anasoma simu.

Akavuta lile bomba la raba. Waya mmoja umekatika, wa pili unaelekea. Akaweka vipande vya waya mpya, vilivyolegea kidogo ili visivutwe, akachomea kwa risasi na kufunga vizuri. Hakuviringisha tu na tepu. Hiyo ingerudi baada ya mvua mbili. Elfu ishirini na tano na soda.

Angekuta mota inanguruma huku kioo kimekaa tu, ingekuwa kesi nyingine: kile chuma au kamba inayokibeba kioo imekatika au imechomoka, na hapo kweli unaingia Kariakoo kutafuta used ya Japani. Na kama kioo kinapanda kwa kujikongoja, mara nyingi ni raba za pembeni zimekauka na kujaa vumbi. Zifute kwa kitambaa chenye maji, zikikauka puliza silikoni. Grisi na oili ya injini hapana, zinavutia vumbi na kuharibu raba. Halafu ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava, fundi asiitupe kama takataka. Inazuia maji yanayoshuka ndani ya mlango yasilowanishe kava na kapeti lako. Yetu ilikuwa imeshachanwa na yule wa Jumamosi, tukabandika mpya.

Bahasha ikaenda kwa mwenye nyumba ikiwa pungufu elfu ishirini na tano, nikajazia kutoka kwenye hela yangu ya saluni. Mume wangu amekubali kwamba fundi akiitwa, anayekaa upande ule anakuwepo. Suala la kuuza Noah bado liko mezani, sasa anaongelea shokomzoba.