Usinicheke, Nimelizwa na Katuni!

Jamani, Jumapili iliyopita niliumbuka sebuleni kwa dada. Mpwa wangu wa miaka sita aliweka The Lion King, ile katuni ya Disney ya mwaka 1994. Nikajisemea, mtu mzima na ndevu zangu naangalia dakika tano tu, kisha huyooo kijiweni.

Utotoni nilipenda majina yake: Simba, Rafiki, Pumbaa, na yule fisi Shenzi. Kiswahili chetu kwa Wazungu, bwana! Nilikuwa nangoja vichekesho tu. Safari hii, Mufasa alipokanyagwa na nyumbu, na mwanawe akajipenyeza chini ya mkono wake kana kwamba baba amelala, machozi yakanitoka. Mpwa akashangaa, "Anko, unalia? Si katuni tu?"

Ningemjibu nini? Baba yangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Tangu tumzike sijakanyaga kijijini. Nasingizia kazi, nauli, mvua. Kumbe mimi ndiye Simba: kakimbilia msituni kula wadudu na kujidai hana matata, huku nyumbani mama yake anateseka. Rafiki alipomtandika fimbo ya kichwa, maumivu niliyasikia mimi.

Watoto wanatazama wanyama. Sisi wakubwa tunajitazama wenyewe. Kwa hiyo ukimkuta mshikaji kang'ang'ania katuni, usimcheke. Muulize imemgusa wapi.

Mimi tiketi ya basi ninayo mfukoni. Mama, bandika maharage, Ijumaa nipo!