Wingu Halisahihishi Kosa la Karani

Tangu zamani mfanyabiashara makini amekuwa na daftari. Humo huandika mali iliyoingia, iliyouzwa na iliyobaki, na jioni hulisoma ili ajue la kufanya kesho. Kampuni kubwa zina haja hiyo hiyo, ila daftari lao limekuwa kubwa mno, wala hakuna mtu awezaye kulisoma lote. Kazi hiyo imekabidhiwa kompyuta. Mwaka 1958 Hans Peter Luhn, mtafiti wa kampuni ya IBM, alieleza katika makala yake mfumo wa kuchambua taarifa kwa mtambo na kumfikishia kila mhusika zile zinazomfaa.

Mwaka 2006 kampuni ya Amazon ilianza kukodisha kompyuta na nafasi ya kuhifadhi data kwa njia ya intaneti. Tangu hapo kampuni nyingi zimeacha kununua mitambo yao wenyewe. Takwimu zao hupelekwa katika majumba ya kompyuta yaliyo mbali, huchambuliwa huko, na meneja huletewa michoro ya mauzo mezani pake. Utaratibu huu huitwa wingu, ingawa ni majumba, nyaya na umeme. Faida yake ni dhahiri: kampuni changa hulipa kadiri inavyotumia, nayo hupata uwezo ambao zamani ulikuwa wa matajiri peke yao.

Hata hivyo, imezuka imani potofu kwamba hesabu iliyofanywa na mtambo mkubwa haina budi kuwa ya kweli. Mtambo hujumlisha ulichopewa. Hauendi bohari kuhakikisha. Yaliyoifika kampuni ya maduka ya Target, ya Marekani, yatosha kuwa funzo.

Mwaka 2013 kampuni hiyo ilianza kufungua maduka nchini Kanada, na hatimaye yakafika 133. Jarida la Canadian Business lilieleza mwaka 2016 kwamba taarifa za bidhaa ziliingizwa katika kompyuta kwa haraka, na makosa yakawa mengi. Inchi ziliandikwa mahali pa sentimita, na upana mahali pa urefu. Mwanafunzi na apige hesabu: kasha lenye inchi 10 kila upande lina ujazo wa takriban sentimita za ujazo 16,387. Likiandikwa kuwa la sentimita 10, kompyuta hulipa ujazo wa 1,000 tu. Mtambo hukokotoa bila kosa, na jibu huwa la uongo.

Bohari zikafurika huku rafu za madukani zikiwa tupu. Baya zaidi, baadhi ya wachambuzi walizima uagizaji wa kujiendesha wa bidhaa fulani, ili zisihesabiwe kuwa zimekwisha. Taarifa zikapendeza kwa wakubwa, na mteja akarudi mikono mitupu. Januari 2015 kampuni ilitangaza kufunga maduka yote ya Kanada, na watu wapatao 17,600 wakapoteza kazi. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini takwimu mbovu zilikuwa miongoni mwa zile kubwa. Kuzihamishia takwimu hizo katika wingu kungeharakisha hesabu tu, wala kusingeondoa kosa.

Wako watakaosema kwamba mitambo ya leo hutambua makosa yenyewe. Ni kweli kwa sehemu. Mtambo waweza kushtuka ukiona namba isiyo ya kawaida. Lakini namba ya kawaida iliyokisiwa na karani mvivu huipokea kama ile iliyopimwa.

Kwa hiyo, mwalimu wa fizikia akataye alama kwa jibu lisilotaja kipimo chake hamwonei mtu. Kabla mwanafunzi hajafundishwa kuchora grafu za kupendeza kwa kompyuta, yafaa azoezwe kuuliza: Nani alipima? Kwa kipimo gani? Nani alikagua? Zoezi lake halihitaji mtambo wowote. Wanafunzi wahesabu vitabu vya maktaba ya shule yao, kisha walinganishe hesabu yao na daftari la maktaba. Kama zitatofautiana, na watafute sababu kwanza, ndipo waandike namba mpya.