Kujisikia Mzima Si Kupona Presha

"Dawa unameza, mama?"

"Niliacha, daktari. Zilipokwisha nikaona niko sawa."

Mazungumzo ya namna hii husikika kila mara kwenye kliniki za wagonjwa wa nje, na mara nyingi mashine imeshasoma 190 kwa 110. Nyuma ya jibu hilo kuna imani iliyoenea: presha ni kichwa kuuma na moyo kwenda mbio, vikitulia umepona. Ni imani ya uongo, na inaua.

Kwa watu wengi presha ya kupanda haiumi popote. Mtu analima, anafundisha, anaendesha daladala, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo ikiharibika. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani aliishi na presha kwa miaka. Tarehe 12 Aprili 1945 alilalamika kwamba kichwa kinamuuma vikali. Saa chache baadaye alikuwa amefariki, damu imevujia kwenye ubongo. Anayesubiri kichwa kimpe taarifa anasubiri kiharusi.

Kwamba vidonge vinaokoa, hilo halina ubishi tangu 1967. Katika utafiti uliochapishwa mwaka huo, wanajeshi wastaafu 143 wa Marekani, ambao namba ya chini ya presha yao ilikuwa kati ya 115 na 129, waligawanywa makundi mawili. Waliopewa vidonge bandia walipata madhara makubwa 27. Waliopewa dawa halisi walipata 2.

Imani kwamba ukijisikia sawa umepona ina chimbuko. Hospitali zenyewe zimewazoesha watu kumaliza dozi: dawa mseto ya malaria ni siku 3, basi. Mgonjwa wa presha akipewa vidonge vya wiki mbili bila maelezo, atadhani na hivi ni hivyo hivyo. Wengine huogopa: "Ukizianza huachi." Lakini kisichoondoka ni ugonjwa. Dawa huishusha presha kwa muda wote inapomezwa. Ikikatizwa, presha hurudi juu. Kupunguza chumvi na uzito kunaweza kumwezesha daktari kupunguza dozi, ila kwa kipimo, si kwa hisia.

Utafiti wa Dar es Salaam na wilaya ya Hai uliochapishwa mwaka 2000 uligundua kwamba kati ya wenye presha, waliokuwa wameidhibiti hawakufika asilimia 1. Kliniki zianzie hapo: siku ya kwanza mgonjwa aambiwe wazi kwamba dawa hizi ni za kudumu, aandikiwe namba anayopaswa kuifikia, na aliyetulia apewe vidonge vya miezi 3 asipoteze siku nzima kwenye foleni.