Usimwache Mama Afe kwa Kisingizio cha Dini

Kutoa mimba ovyo ni haramu, na makala haya hayakuja kuihalalisha. Qurani imekataza kuua watoto kwa kuogopa ufukara. Imam Ghazali, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi wa watu wa pwani, alifunza kwamba kuiharibu mimba ni jinai tangu mwanzo wake, na kosa huzidi kadiri mimba inavyokua. Zikitimia siku 120, roho ikishapulizwa, uharamu wake hauna mjadala ila kwa dharura.

Basi dharura ni ipi? Chupa ya mwanamke yaweza kupasuka mimba ikiwa ya miezi minne au mitano, mtoto hajaweza kuishi nje ya tumbo. Vijidudu hupanda hadi mfuko wa uzazi, homa hushika, kisha maambukizi huingia katika damu. Hapo dawa peke yake hazitoshi madhali mfuko haujatolewa kilichomo. Mama akifa, mtoto naye hufa. Na bado jamaa hukaa nje ya wodi wakisema: "Moyo wa mtoto unapiga, tungoje."

Tungoje nini? Sheikh Mahmud Shaltut, aliyeongoza Al-Azhar kuanzia 1958 hadi 1963, alieleza kwamba mama ndiye asili ya mtoto na uhai wake umekwisha kuthibitika. Hatolewi mhanga kwa kiumbe ambacho uhai wake haujajitegemea. Mwaka 1990 Baraza la Fiqhi la Rabita (Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu), mjini Makka, liliruhusu mimba kutolewa hata baada ya siku 120, jopo la madaktari wa kuaminika likithibitisha kwamba kubaki kwake ni hatari ya hakika kwa uhai wa mama. Sheria za nchi nazo hazipingi: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamlinda daktari anayepasua kwa nia njema kuokoa maisha ya mama, na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 26, inaruhusu tiba ya dharura.

Lakini asitoke mtu hapa akadhani kila ugonjwa ni ruhusa. Kaswende hutibiwa kwa penisilini, malaria ina dawa, na mama mwenye VVU akitumia dawa zake sawasawa aghalabu huzaa mtoto asiye na virusi. Rubela ya miezi mitatu ya kwanza ni mtihani mzito zaidi, kwani huweza kumtia mtoto uziwi, upofu na ubovu wa moyo. Hata hapo Baraza lilitaka ulemavu mkubwa usiotibika uthibitishwe na madaktari kabla ya siku 120, na wazazi wenyewe waombe. Hofu si uthibitisho. Bora wasichana wetu wachanjwe mapema.

Enyi waume, mke akitokwa na maji na homa ikimshika, mpelekeni hospitali siku ile ile. Enyi maimamu, wafundisheni watu hukumu hii kabla msiba haujafika. Anayemzuia mama kuokolewa, hali matabibu waaminifu wamesema atakufa, hakuihifadhi mimba. Ameangamiza nafsi mbili.