Mashini ya kuranda ingoje

Wandugu wanafunzi, wengi wetu wanasema mashini ya kuranda ianze kazi leo ku atelie, waya wa udongo utawekwa nyuma. Mimi nakataa.

Ni kweli, ule waya wa rangi ya majani na manjano hauzungushi mashini. Ndiyo maana watu wanauhesabu kuwa franga za bure. Lakini siku waya wa ndani ukichubuka na kugusa chuma, ule ndio unapeleka umeme katika udongo, na fizibule inakatika. Kama hauko, umeme utapita katika mwili wa yule anayeshika mashini.

Tena, hapa kwetu umeme unakatika bila kuaga. Kwa swichi ya kawaida, ukirudi tu, visu vinazunguka vyenyewe, na pengine mwenzetu iko anatoa maranda na mkono. Tununue ile swichi inayojizima umeme ukikatika, inabaki kimya mpaka mtu afinye tena.

Mnasema ni bei kali. Basi tungoje franga zitimie. Mbao hazitaoza kwa juma mbili, lakini kidole kikikatwa hakioti tena.